Kaka Mkubwa Hayupo

Mtu aliyetaka kumsikia simba akinguruma Jumapili asubuhi hakuwa na haja ya kwenda porini. Angezunguka tu nyuma ya kanisa, akasimama chini ya dirisha la chumba cha watoto, na angemsikia simba kwa masikio yake mwenyewe. Simba huyo alikuwa bibi mmoja mnene, fundi wa kushona, mwenye miwani iliyofungwa uzi mweusi upande mmoja na pini zilizosahauliwa kifuani mwa gauni. Kanisa zima lilimwita Bibi Hadithi, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilobatizwa nalo.

Alikuwa akiwasimulia watoto hadithi za Biblia tangu enzi ambazo wazazi wao ndio waliokaa kwenye mkeka ule wakipigana viwiko. Danieli akitupwa shimoni, Bibi alinguruma. Yona akimezwa, Bibi alijifunika shuka akaomba humo ndani kwa sauti ya mtu aliyebanwa na mafua. Goliathi akianguka, Bibi naye alianguka kweli kweli, puu! na watoto wakaja kumwinua huku wakicheka mpaka machozi. Mwisho wa kila hadithi alijifuta jasho akauliza, "Na fundisho letu leo ni lipi?" Watoto walilijua fundisho kabla hajalitaja. Waliitikia kwa pamoja, wakaimba, wakaenda nyumbani. Kila kitu kilikuwa kimepigwa pindo, hakuna uzi unaoning'inia.

Kwa hiyo mtu akiuliza kilimpata nini mwaka ule hata akakonda mashavu, tusipindishe maneno: ulikuwa wivu. Mwenyewe alisema ni miguu. Alimwambia mchungaji ni miguu, akamwambia daktari ni miguu, na daktari, maskini, akampa dawa ya miguu.

Ulianza pale mdogo wake alipooa. Mdogo wake alikuwa seremala, mgane wa miaka mingi, na Bibi ndiye aliyemlea wazazi wao walipofariki. Alimbeba mgongoni huku akikanyaga cherehani. Mke wa kwanza wa seremala alipoaga dunia, Bibi ndiye aliyempikia na kumfulia mpaka akasimama tena. Naye seremala hakuwa mtu wa kusahau wema. Kila kitu cha mbao nyumbani kwa Bibi, kuanzia meza ya kukatia vitambaa mpaka kigoda cha jikoni, kilitoka mikononi mwake. Kisha, katika umri ambao wenzake wanatafuta miwani, yeye akatafuta mke. Akampata mwalimu wa chekechea, mwanamke mwembamba, mpole, anayeongea polepole kana kwamba kila neno analipangusa vumbi kwanza.

"Wifi yangu mimi!" alisema Bibi siku ya harusi, akamkumbatia mpaka shada la maua likapondeka. Na alimaanisha. Wifi alikuwa bado hajafungua mdomo mbele ya watoto.

Mchungaji ndiye aliyemleta darasani. Alimwomba wifi amsaidie Bibi siku moja moja, "upumzishe miguu kidogo, Bibi," alisema, na hapo Bibi akajuta kuwahi kuitaja miguu. Wifi akaja na sinia pana la mbao lililojaa mchanga na sanduku la vijitu vya mbao, kila kimoja kirefu kama kidole cha kati. Seremala ndiye aliyevichonga. Mzee mmoja wa kanisa, mwenye sauti ya kukwaruza, alipochungulia dirishani akauliza kama siku hizi sanamu zinaingia kanisani kwa mlango wa mbele. Mchungaji akamjibu kwamba hakuna anayeziabudu, na kwamba ng'ombe mmoja amechongwa vibaya kiasi kwamba hata kumtambua ni kazi.

Bibi aliketi nyuma ya chumba kuangalia. Wifi hakunguruma. Hakuanguka. Alikaa chini kwenye mkeka na watoto, akalainisha mchanga kwa kiganja, akasogeza kijitu kimoja polepole kutoka upande huu mpaka ule, na kusimulia kwa sauti ambayo ilibidi usogee ndiyo uisikie. Watoto walisogea. Mwisho wake hakuuliza fundisho. Alisema tu, "Najiuliza, huyu kondoo aliyepotea, alijua kwamba amepotea?" Akanyamaza. Watoto wakaangalia mchanga. Kisha mmoja akajibu, mwingine akambishia, na wifi akaitikia, "Mm," na "Kumbe," kama mtu anayefundishwa.

"Ndiyo imeisha hivyo?" Bibi aliuliza watoto walipotoka.

"Haiishi, wifi," yule alijibu akikunja kitambaa. "Wataenda nayo nyumbani."

"Wataenda nayo nyumbani," Bibi alimwigiza njiani, peke yake, akibana pua. "Kwani ni viazi?" Alimpachika jina la Bi Mchanga na kumtajia mteja wake mmoja aliyekuja kupimwa sketi. Mteja hakucheka. Alisema mtoto wake hajaacha kuuliza habari za yule kondoo wiki nzima.

Hicho ndicho kilichomchoma. Angekuwa mbaya, Bibi angemhurumia. Angekuwa mwenye majivuno, Bibi angemsema kwa raha. Lakini wifi hakuwa na kosa hata moja la kushikia. Alimsifu Bibi mbele za watu. Alisema hajawahi kusikia simba kama yule. Kila sifa ilipotoka Bibi aliipokea kwa tabasamu, na ikifika ndani inageuka mwiba.

Nyumbani nako hakukuwa na pa kupumulia. Bibi aliishi na mjukuu wake, binti mdogo aliyeanza kung'oka meno ya mbele, na mtoto huyu alimwita wifi "bibi mdogo".

"Bibi mdogo anasema si lazima nijibu haraka."

"Anasema hivyo?"

"Anasema naweza kufikiri mpaka kesho."

"Basi fikiri huku unamenya hivyo vitunguu," Bibi alisema. Mkasi ulimteleza ukakata kola ya shati la watu. Mara nyingine alipomsimulia mtoto hadithi ya Zakayo, kwa sauti zote, mpaka akapanda juu ya kigoda kumwonyesha jinsi alivyopanda mti, mtoto alicheka vizuri, kisha akaegemea ukuta na kuuliza, "Bibi, kwa nini hakuna mtu aliyempisha?" Bibi akabaki juu ya kigoda. Fundisho alilokuwa nalo mkononi lilihusu kutubu. Halikufaa hapo.

Ndipo ikaja habari ya ibada ya watoto. Mara moja kwa mwaka watoto huketi mbele, na kabla ya mahubiri hadithi husimuliwa mbele ya kanisa zima. Miaka yote hadithi hiyo ilikuwa ya Bibi, na watu walivaa vizuri kuja kuisikia. Mwaka huu mchungaji alimwita pembeni, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Bibi alijua hapo hapo kwamba habari si njema.

"Tumefikiri tumpe wifi yako nafasi hii mara moja," alisema. "Mwana mpotevu. Tuone. Na ikienda vizuri, labda darasa lenyewe alichukue, wewe ubaki mlezi wetu, mshauri. Umetumika sana, Bibi."

"Mshauri," alisema Bibi.

"Mshauri mkuu."

Bibi alicheka, akamwambia ni wazo zuri sana, amelichelewesha mno. Alifika nyumbani, akaketi kwenye cherehani, akashona mkono wa kushoto wa joho la kwaya kwenye bega la kulia, akaufumua, akaushona tena pale pale. Alijisikia kama mtu anayezikwa huku akiombwa apige makofi. Mwana mpotevu! Hiyo ilikuwa hadithi yake. Hakuna aliyeweza kuwalisha nguruwe kama yeye. Na ile karamu ya mwisho: alikuwa akipiga ngoma kwenye kiti, watoto wanacheza, kanisa zima linasimama. Hapo ndipo alipomalizia daima, kwenye karamu, watu wakiwa wamejaa furaha. Yule kaka mkubwa aliyekataa kuingia ndani hakuwahi kumtaja. Angemtia wapi? Alikuwa akiharibu wimbo.

Jumamosi wanawake walifagia kanisa. Wengine walipokuwa wakimwaga maji nje, Bibi aliingia chumba cha watoto, ambacho ufunguo wake ulikuwa bado wake, akafungua kabati na kulitoa lile sanduku. Hakuwa na mpango, au ndivyo alivyojiambia. Alitaka kuona tu. Vijitu vilikuwa vimelazwa kwenye kipande cha kitambaa: baba mwenye mikono iliyopanuliwa, mwana mdogo mwenye mbavu zilizotokeza, watumishi, nguruwe, ndama. Na chini kabisa, mwanamume mwenye jembe begani, shingo imekazwa, uso umeinamishwa. Mdogo wake alikuwa amemchonga huyo kwa uangalifu kuliko wote. Hata mishipa ya mikono ilionekana.

Hapo akili yake ya usimulizi ikafanya kazi haraka, na ilikuwa akili kali, tusimnyime haki yake. Akimchukua baba, wifi angegundua mapema wakati wa kupanga vitu. Akimchukua mwana mdogo, vilevile. Lakini huyu wa jembe hatafutwi mpaka mwisho, hadithi ikiwa imeshapamba moto, watu wote macho mbele. Wifi ataingiza mkono sandukuni na kukuta hamna kitu. Atababaika. Yule mtu asiyejua kupaza sauti, asiyejua kuimba, asiyejua kuanguka, atafanya nini? Na pale pale Bibi atasimama kutoka benchi lake, kwa upole, kama mtu anayeokoa jahazi, aanzishe wimbo wa karamu na kuimaliza hadithi inavyomalizwa. Kisha mchungaji aseme tena habari za mshauri, akithubutu.

Alimtia kaka mkubwa ndani ya mkoba, chini ya leso, akatoka kwenda kumwaga maji na wenzake. Aliimba kuliko wote.

Jumapili kanisa lilijaa. Sinia liliwekwa juu ya meza fupi, watoto wakalizunguka, na wazazi wa nyuma wakasimama ili waone. Bibi aliketi benchi la pili, pembeni, mkoba mapajani. Lazima tuseme kwamba wifi alisimulia vizuri. Mwana mdogo alipoondoka nyumbani, wifi hakusema kitu. Alikisukuma tu kile kijitu mpaka ukingo wa sinia, na baba akabaki peke yake katikati ya mchanga, mikono wazi. Mtu fulani nyuma alipenga kamasi. Bibi mwenyewe alijikuta akipangusa miwani, akamchukia wifi kwa hilo zaidi kuliko kwa yote.

Mwana akarudi. Baba akamkimbilia. Karamu ikaanza.

"Lakini palikuwa na mtu mwingine," wifi alisema. "Baba alikuwa na mwana mkubwa."

Minong'ono ikapita mabenchini. Yule mzee wa sauti ya kukwaruza alimgeukia mkewe. "Palikuwa na mwingine?" Miaka yote hiyo, maskini, kanisani kwake hadithi ilikuwa na mtoto mmoja.

Wifi aliingiza mkono sandukuni. Bibi akashika ukingo wa benchi, akainua mwili kidogo. Mkono wa wifi ulipapasa kushoto, ukapapasa kulia, ukatulia. Jasho lilimtoka wifi juu ya mdomo; Bibi aliliona kutoka pale alipo. Wifi akainama kuangalia, akainua kichwa, na kwa kuwa hakuwa mtu wa ujanja, akasema ukweli ulivyo.

"Kaka mkubwa hayupo."

Sasa, watoto hawa walikuwa wamezoeshwa kwamba lolote asemalo bibi mdogo akiwa kwenye mchanga ni hadithi. Hawakujua habari ya sanduku. Walilipokea neno lile kama walivyopokea nguruwe na ndama.

"Hayupo?" aliuliza mmoja.

"Hayupo."

"Ameenda wapi?"

Wifi aliangalia tena sandukuni. "Najiuliza," alisema, na safari hii alikuwa akijiuliza kweli.

"Yuko nje. Amenuna," alisema mvulana mmoja, kama anayemfahamu.

"Kwa nini amenuna?"

"Hawakumwita. Wamepiga muziki na yeye yuko kazini."

"Labda anadhani chakula kimeisha."

"Labda anadhani nafasi yake amepewa mdogo wake." Huyo alikuwa mjukuu wa Bibi. Alilisema bila kumtazama mtu, kidole kikichora mchangani.

Bibi alirudi chini kwenye benchi. Wifi alikuwa ameshapata pumzi. Alimshika yule baba, akamtoa karamuni, akamvusha mchanga wote polepole mpaka ukingo mwingine, akamsimamisha pale mbele ya mahali patupu, mikono wazi, hana wa kumpokea. Kisha akakunja mikono yake mapajani, akanyamaza. Hakuna aliyekohoa. Wakati wa kuanzisha wimbo ulipita, na Bibi alihisi ukipita.

Baada ya ibada watu walikunywa chai uani, na gumzo lilikuwa moja tu. Wifi alijaribu kueleza kwamba kijitu kimepotea kweli, kwamba ni uzembe wake, hakukagua sanduku. Watu wakamcheka kwa mapenzi na kumwambia asijishushe. Mchungaji alikuja na kikombe mkononi. "Bibi, umeona? Sisi tulikuwa tukiishia kwenye karamu." Alisema "sisi", lakini Bibi alijua nani anasemwa. Akaongeza kwamba mwezi ukianza darasa litakuwa la wifi, na Bibi atamkabidhi ufunguo mbele ya watoto, iwe kitu cha heshima.

Sinia halikupanguliwa. Watoto walikataa. Walisema hadithi haijaisha, baba bado anasubiri, hawezi kutiwa sandukuni akiwa katikati ya maneno. Wifi aliona wana hoja, akaliweka chumbani juu ya kabati fupi, na kila Jumapili waliingia mbio kwanza kuangalia.

Kaka mkubwa alikaa kwenye mtoto wa meza ya cherehani, kati ya vifungo na chaki. Bibi alijiambia atamrudisha siku watu wakisahau. Watu hawakusahau. Mdogo wake alikuja kupima mlango uliolegea, akaketi kwenye kigoda alichokitengeneza mwenyewe.

"Dada, hukukiona kile kijitu mlipofagia? Mke wangu hapati usingizi. Anadhani amekitupa na taka."

"Mimi na vijitu vyenu wapi na wapi?"

Seremala alikuna kidevu. "Kile ndicho nilichokichonga kwa moyo. Nilikuwa nakufikiria wewe, unavyorudi na mizigo begani, na mimi mdogo nimekaa tu nakula." Akacheka kidogo. "Basi. Nitachonga kingine."

Bibi aligeuka kutafuta uzi ambao ulikuwa mkononi mwake. Alimchukia mdogo wake kwa kusema maneno yale akiwa amechelewa kiasi hicho, na alitamani ayaseme tena.

Mezani ikawa shida nyingine. Mjukuu alikuwa ndiye anayeombea chakula. Alishukuru kwa ugali na mboga, akaombea wagonjwa, kisha akaongeza, "Na kaka mkubwa popote alipo, asione njaa." Bibi alifumbua jicho moja. Mtoto alikuwa amefumba macho yote mawili kwa nguvu, uso umekunjamana.

"Huyo ni mti tu, mjukuu wangu," alisema walipoanza kula.

"Najua," alisema mtoto. "Lakini baba yake anamtafuta."

Jumapili ya kukabidhi ufunguo ilifika. Bibi alivaa gauni lake la kijani, akaoga vizuri, akamtia kaka mkubwa mkobani kwa sababu aliogopa kumwacha nyumbani. Sababu hiyo hata yeye haikumtosha. Chumbani walikuwapo watoto, wifi, seremala aliyesimama mlangoni na kofia yake mkononi, na mchungaji aliyekuwa na maneno machache yaliyokuwa mengi. Alimshukuru Bibi kwa simba, kwa Goliathi, kwa utumishi. Watoto walipiga makofi. Bibi alitabasamu mpaka taya likauma, na moyoni alikuwa akiwaza: makofi ya nini, mnamshangilia anayetoka au anayeingia?

"Kabla ya ufunguo," alisema wifi, "tuna jambo la furaha." Akafungua kiganja. Kijitu kipya, mti wake bado mweupe, jembe begani. Seremala alikuwa amekesha nacho. Wifi akalishusha sinia mkekani, akakiweka mbele ya baba, kwenye ukingo wa mchanga. "Kaka mkubwa amepatikana."

Watoto walisogea. Wakakiangalia kwa muda mrefu. Hakuna aliyecheka.

"Huyu siye," alisema yule mvulana wa siku ya ibada.

"Anafanana naye sana," alisema wifi. "Amechongwa na fundi yule yule."

"Anafanana. Lakini siye."

"Huyu ni mpya," mwingine alieleza kwa subira, kama watu wazima wanavyoelezwa. "Huyu hakuwahi kununa. Baba hakutoka nje kwa ajili ya huyu."

Mchungaji alicheka kidogo, akasema, "Jamani watoto, si mti ni mti?" Mjukuu wa Bibi akatikisa kichwa. Akamchukua yule mpya taratibu, kwa adabu, akamrudisha kwenye kiganja cha wifi. "Huyu mpe hadithi nyingine, bibi mdogo. Baba anamtaka yule yule. Hata akipata mzuri kuliko yeye, anamtaka yule."

Bibi alikuwa amesimama, ufunguo mkononi, na maneno yale yalimpiga mahali ambapo pongezi zote za asubuhi ile hazikufika. Aliona wote wakimwangalia baba wa mbao aliyesimama hapo wiki hadi wiki, vumbi limemkaa mikononi, na akaona kwamba hakuna hata mmoja katika chumba kile, wala mchungaji, wala wifi, aliyekuwa na uwezo wa kummalizia kazi baba yule. Ni yeye tu.

Akafungua mkoba. Leso ilianguka, hakuiokota. Alipiga goti moja, kisha la pili, na magoti yalilia mpaka watoto wakageuka.

"Nilikuwa naye mimi," alisema.

Seremala mlangoni alisema, "Dada?" Wifi alitazama kile kijitu, akamtazama Bibi. Damu ikampanda usoni, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe alionekana kama mtu anayeweza kupaza sauti. Hakupaza. Alivuta pumzi ndefu, akasogea upande mmoja wa mkeka, pakawa na nafasi ya mtu mnene.

Bibi hakukaa. Alikuwa amemshika kaka mkubwa juu ya mchanga.

"Alikuwa anafanya nini kwako?" mjukuu aliuliza.

"Alikuwa amenuna."

Watoto waliitikia kwa vichwa. Walilijua hilo tangu zamani.

"Amenuna bado?"

Fundisho lilimjia Bibi mdomoni, tayari, limepigwa pindo: kwamba sasa amefurahi, kwamba ameingia karamuni, tuimbe. Alimtazama wifi, mwembamba, mpole, asiye na kosa hata sasa, na ule mwiba ulikuwa bado upo, pale pale.

"Bado," alisema. "Bado kidogo."

Akamsimamisha mchangani, uso umeinama, mbali na nyumba. Mtoto alifikiri. Kisha akamshika baba kwa vidole viwili, akamsogeza hatua kwa hatua mpaka mikono ile iliyo wazi ikagusa jembe.

"Basi baba akae naye hapa nje," alisema.

Bibi akaketi mkekani kando ya wifi yake, kwa kuwa magoti yalikuwa yamegoma, akalia kwa sauti, yeye na kifua chake chote, na watoto wakasogea kumpisha.